Mkungu Niliomwekea Mama

Wiki iliyopita nilirudi Kampala kutoka Mombasa, nilikokwenda kwa arobaini ya mama yangu. Nilikuwa hoi, miguu imevimba kwa kukaa kwenye basi, na nyumbani hakuna hata kitunguu, nikapita kando ya barabara kutafuta cha kupika. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia akimenya matoke, kisu kinakwenda chenyewe, viganja vyake vyeusi kwa utomvu. Harufu ile mbichi, chungu kidogo, ikanipanda puani nikasimama. Akaniuliza, "Hajjati, nikufungie?" Mtu mzima mwenye wajukuu, nimesimama nalia mbele ya ndizi. Yule mama wa watu alidhani nimeibiwa, akaanza kuniuliza mwizi amekimbilia wapi.

Mama nimemzika, Mungu amrehemu, na kuna jambo moja sikumweleza mpaka akafumba macho. Nafasi za kulisema zilikuwa nyingi. Kila mwaka nilikwenda kwake, nikakaa naye, tukanywa chai, tukawateta watu, nikarudi nalo kama nilivyokwenda nalo. Sasa hakuna tena wa kumweleza, kwa hiyo nawaeleza ninyi wenzangu, tuliokuwa watoto Kampala miaka ile ya wanajeshi. Ninyi angalau hamtaniuliza kwa nini dukani hakukuwa na sukari.

Nyumba yetu ilikuwa Kibuli, chini kidogo ya msikiti, upande ambao maji ya mvua hupita kwa kasi. Babu yake Baba alipanda kutoka pwani na watu wa biashara, akaoa huku, akazikwa huku, na sisi tukabaki watu wa duka kizazi baada ya kizazi. Ndani tulisema Kiswahili, nje Kiganda. Baba alikuwa na duka karibu na Nakivubo: vitambaa, mafuta ya taa, sukari, sabuni, sindano. Kwetu hakuna aliyejua kulima. Tulijua kupima, kukunja na kufunga. Mama alikuwa Mmombasa hasa, ndoa ndiyo iliyomleta Kampala, na hakuacha kutukumbusha kwamba huku hakuna samaki wa maana.

Kisha vitu vikaanza kupotea. Sukari ilikwenda kwanza, ikafuata chumvi, ikafuata sabuni, na rafu za Baba zikabaki na vifungo vya mashati na nyembe. Siku moja askari waliingia dukani wakisema Baba ameficha gunia la sukari. Hakuficha kitu. Wakampiga kitako cha bunduki begani mbele ya Mama, aliyekuwa amempelekea chakula cha mchana, mdogo wangu mgongoni. Sukari hawakuiona, wakaondoka na nyembe.

Tangu siku ile nyumba haikuwa na raha. Mama alitaka tuhame sote twende kwao. Baba alikuwa na jambo lake moja tu: shamba. Hata kabla ya bega lake kuumizwa alikuwa akiliota, na baada ya hapo alilishika kwa mikono miwili. Alikuwa amesikia habari za Bugerere, ng'ambo ya mto Sezibwa, kwamba ardhi yake ni nyeusi na mtu akichomeka fimbo inaota. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango nikiwasikiliza, maana watoto wa zamani tulijua mambo yote kwa njia ya mapazia.

"Kaka yangu atatupokea," Mama alisema.

"Nikawe mgeni wa shemeji, mimi? Nitapata shamba. Tutalima, tutakula, hatutamwangukia mtu miguu kwa ajili ya sukari."

"Wewe? Jembe hujui hata linashikwa wapi."

"Nitajifunza."

Mama akafunga sanduku lake kwa goti. "Haya, ota mashamba yako, baba. Siku nyumba hii ikiwa na chakula, nitumie salamu, nitarudi."

Leo najua mwanamke aliyechoka akisema maneno yale anasema nini. Anasema basi, yamekwisha. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na sikuwa na sababu ya kudhani Mama anasema kitu asichokimaanisha. Nililichukua neno lake lilivyo. Kuna sharti, nalo ni chakula. Chakula kikiwepo, Mama anarudi.

Mdogo wangu, aliyekuwa wa kunyonya, akaenda naye. Mimi nikaachwa kwa sababu ya shule, na nadhani pia kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwacha Baba peke yake kabisa. Mama alinikumbatia mlangoni, akaniambia nitamfuata likizo. Likizo ikaja, ikapita, na nyingine, na nauli au kibali au mtu wa kunisindikiza kikakosekana kila mara.

Sijui niieleze vipi nyumba ile. Baba aliondoka asubuhi kwenda kukaa kwenye duka tupu, maana duka likifungwa watu huuliza kwa nini limefungwa. Mimi nilitoka shule nikafungua mlango, nikasema "Hodi" kwa sauti, nikajijibu mwenyewe "Karibu". Wasichana tuliokuwa tukicheza nao kamba waliacha kuja. Mama zao hawakutaka waonekane kwenye nyumba ambayo askari wanaijua. Niliwaona wakipita njia ya juu, wakinitazama, wakitazama mbele. Nilikuwa mpweke, na sikulijua neno hilo. Nilidhani nina homa isiyopanda.

Basi nikaanza kulima. Uani kwetu kulikuwa na kipande cha ardhi kati ya jiko na choo, Mama alikuwa akianikia nguo hapo. Nilichukua mwiko wa chuma wa pilau nikachimba nao. Jirani yetu wa upande wa chini, mjane wa Kiganda tuliyemwita Nnalongo kwa kuwa alizaa pacha, alinichungulia juu ya ua kwa muda mrefu, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka alileta jembe lake lililochakaa na kikombe cha maharage ya mbegu. Yeye nami tulisema Kiganda. Hapa naandika maneno yake kwa Kiswahili, ila mengine yamekataa kugeuka.

"Mwana wange," alisema, "nani amekutuma kulima?"

"Hakuna."

"Kale, sawa. Basi inama vizuri. Unachimba kama mtu anayetafuta sindano."

Baba alipoona matuta yangu alifurahi kupita kiasi. Hakushika jembe hata siku moja, bega lilikuwa linamsumbua, na nadhani pia aliona haya. Lakini baada ya sala ya alasiri alileta kiti uani, akafungua daftari la shule na kuchora. Lile daftari lilikuwa shamba la Bugerere. Hapa kahawa. Hapa ng'ombe watatu, si wengi, watatu wanatosha. Hapa nyumba yenye baraza pande zote mbili ili mtu akimbie jua. "Hiki chumba chako," aliniambia, "na hapa Mama atakaa akishona." Kila wiki aliongeza kitu: kisima, mti wa mlimau, banda la kuku. Mimi nikipalilia, yeye akichora. Ndizo saa pekee za siku ambazo nyumba yetu ilikuwa na watu wawili.

Alasiri moja askari walikuja tena, safari hii nyumbani, watatu. Wawili wakabaki ndani na Baba wakifungua makabati. Wa tatu akatoka uani, kijana mrefu wa kutoka kaskazini, nilimjua kwa Kiswahili chake. Nilikuwa nimechuchumaa kati ya maharage, roho juu, mkojo unataka kunitoka.

"Nani napanda hii?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe peke yako? Mama yako iko wapi?"

"Mombasa."

Akatazama maharage yangu kwa uso wa mtu aliyekasirishwa. Akachuchumaa, bunduki akailaza mapajani. "Hii imekaa karibu karibu sana. Inabanana. Haitazaa kitu." Akaanza kung'oa. "Toa hii. Hii wacha. Toa hii, toa hii. Mama yangu kule nyumbani angekuchapa." Nilimwambia yatapungua, karibu nilie. "Wewe wacha tu, utaona," akasema, akaendelea mpaka mwisho wa mstari. Wenzake walipomwita akajifuta udongo kwenye suruali na kuondoka bila kuniaga.

Walichukua redio. Baba nilimkuta amekaa sakafuni kati ya nguo zilizomwagwa. Alipotoka akaona mapengo kwenye mistari, akauliza kama wameyakanyaga. Nikamwambia hapana, yule askari ameyapunguza kwa sababu nilibananisha. Baba akanitazama, halafu akacheka, cheko la kwanza tangu Mama aondoke, akacheka mpaka akashika bega. "Wanajua kulima," akasema. "Wanajua kulima kabisa, na wanakuja kuchukua redio yangu." Baadaye akajifungia chumbani, na sikumsikia tena mpaka magharibi. Maharage yalizaa sana, siwezi kusema uongo.

Nilivuna maharage, nikavuna dodo, yaani mchicha, na viazi vitamu nikavichimbua kwa mikono. Nikamwambia Baba: sasa chakula kipo, mtumie Mama salamu. Akasema atatuma. Nikapiga hesabu ya safari kwa vidole, nikafagia nyumba, nikakaa ukumbini kungoja. Mama hakuja. Niliumia kweli. Nilijiuliza nimekosea wapi.

Jibu nililipata kwa Nnalongo. Nilikuwa nimempelekea sahani ya viazi na maharage yangu, akala yote, akalamba vidole, akanishukuru mara tatu. Hata hajanawa, shoga yake akapita njiani akamsalimu na kumuuliza hali. Nnalongo akajibu kwa sauti ya msiba, "Banange, jamani, leo sijala. Njaa itaniua."

Nilichukia. "Nnalongo, umekula chakula changu sasa hivi."

"Nimeonja, mwana wange, na kilikuwa kitamu. Lakini kiazi ni kiazi. Maharage ni ya kusindikizia. Chakula ni matoke. Mtu akilala bila matoke, amelala njaa."

Hakuwa akinitania. Waganda wengi wa umri wake walisema hivyo hivyo, na mtoto yeyote wa Kiganda angeweza kuniambia. Mganda angemaliza mhogo wa sufuria nzima na akaapa mbele ya kadhi kwamba siku ile hakula. Mimi, mtoto wa watu wa wali na chapati, sikuwa nimewahi kulifikiria. Na papo hapo nikaelewa kwa nini Mama hajaja. Nyumba yetu ilikuwa na vya kuonja, haikuwa bado na chakula. Sikujiuliza Mmombasa na matoke wapi na wapi. Nilimwomba Nnalongo chipukizi la mgomba.

Alinipa moja, refu kama mkono wangu, akanichagulia mahali nyuma ya jiko panapomwagwa maji ya vyombo. Akanifundisha kutia majivu na maganda, kukata jani lililokauka, kuacha lililo hai. Niliuliza utazaa lini. Akasema, "Usiuulize kila siku, utauchosha." Nilikuwa nauuliza kila siku. Kila nikirudi shule nilikwenda mgombani kwanza kabla ya kuvua sare, nikaupa habari zote: nani kachapwa, mwalimu gani haonekani tena na hakuna anayeuliza, Baba amechora nini jana. Ulikuwa mtu pekee wa kuzungumza naye mchana, na msinicheke. Mgomba ukanipita kiuno, ukanipita kichwa. Mwaka ukaisha na ziada. Halafu asubuhi moja nikaona katikati ya majani pametoka kitu cha zambarau, kizito, kimeinamisha kichwa. Nnalongo akaja akakitazama, akasema sasa ni miezi mitatu, pengine zaidi kidogo.

Wiki ile ile Mjomba akafika.

Mjomba alikuwa kaka yake Mama, mtu wa Mombasa, mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kufuma. Alikuja na mfuko wa halua na gauni jipya la kijani. Alimwambia Baba mipaka ina maneno mengi, leo iko wazi, kesho haijulikani, na yeye amekuja kwa kazi moja. Akanigeukia. "Jitayarishe, binti. Kesho alfajiri twaondoka. Mamako yuwakungoja. Amekununulia kitanda."

Moyo wangu uliruka, nikiri hilo. Niliiona kabisa sura ya Mama. Kisha nikafikiria nyuma ya jiko. Nikiondoka, nani atautilia maji mgomba? Baba hajui. Mkungu ukianguka mbichi, nyumba haitakuwa na chakula kamwe, na Mama atabaki kule, na mimi kule, na Baba hapa peke yake na daftari lake. Nyumba yetu itakuwa imekwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeimaliza, kwa kukosa subira ya miezi mitatu.

Nilimshika Mjomba mkono nikampeleka nyuma ya jiko. "Siwezi kwenda," nikamwambia. "Tazama. Nnalongo anasema miezi mitatu. Mwambie Mama miezi mitatu tu, kutakuwa na chakula, aje yeye na mtoto."

Mjomba akacheka kwanza. Halafu akaacha. Akamgeukia Baba aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. "Mtoto huyu asema nini?"

Na Baba alijua. Hilo sina shaka nalo, nimeligeuza kichwani miaka mingi. Maneno yale ya Mama aliambiwa yeye, uso kwa uso, mimi nilidokoa tu nyuma ya pazia. Aliposikia "kutakuwa na chakula, aje", alijua ninazungumza nini, alijua nimekuwa nikilima kwa ajili gani mwaka mzima na nusu. Sentensi moja ingetosha: Mwanangu, Mama alisema kwa hasira, hatarudi kwa sababu ya ndizi, nenda kwake. Angenieleza, ningelia, ningekwenda.

Baba alitazama ndara zake. Kisha akasema, "Amesema mwenyewe. Mimi simlazimishi mtoto."

Nikamtazama usoni, nikaona furaha. Alijaribu kuificha ikamshinda. Na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi kwamba nimemfurahisha Baba, nikamshika kanzu.

Mjomba alilala kwetu. Asubuhi alinibembeleza tena, akaniambia habari za halua na bahari na binamu zangu. Nikashika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili. Akachoka, basi lilikuwa halimngoji. Aliacha gauni juu ya kiti. Nilimwona akiteremka kilima na mfuko mtupu, akigeuka nyuma mara mbili. Nikampigia kelele, "Miezi mitatu, Mjomba!" Akainua mkono.

Miezi ile nilikuwa na furaha, nadhani ndiyo niliyokuwa na furaha zaidi nikiwa mtoto. Nnalongo alinionyesha kuuegemeza mgomba kwa mti wenye panda ili uzito usiuangushe, na kulikata lile ua la zambarau baada ya vidole kukamilika. Nilihesabu vichana: vilikuwa vinane. Kisha siku moja Nnalongo akapapasa ndizi, pembe zake zimepotea, zimejaa, akasema, "Tayari. Kesho tukate, nitakufundisha kupika kwa majani."

"Mama hajafika," nikasema.

"Tukate tu. Akija utampa wa pili."

"Huu ndio wake."

Jioni nilimuuliza Baba kama ametuma salamu. Akasema ametuma. Anasemaje? Akasema njia ni mbaya. Kesho yake nikavaa gauni la kijani baada ya shule nikakaa kwenye ngazi ya mbele, nikitazama njia inayopanda kutoka chini. Kesho kutwa vile vile. Nnalongo alikuwa kitandani na malaria wiki ile na hakuniona. Mkungu ukaanza kuwa manjano juu, kichana cha kwanza, cha pili. Mganda yeyote angeshtuka. Mimi nilifurahi. Kwetu ndizi nzuri ni ndizi iliyoiva, na Mama alipenda ndizi mbivu. Nilidhani mambo yanazidi kuwa mazuri. Matoke hukatwa mabichi, yakiivia mgombani yamekwisha, na hilo halikuwa limepita kichwani mwangu wala mwa Baba. Ndege wakaja, wakafuata nyuki, maganda yakapasuka, na nyuma ya jiko pakanuka kama pombe.

Nnalongo alipoamka akaja kuangalia. Alipiga viganja. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, machozi yalikuwa yanamtoka. "Watu wanapanga foleni tangu alfajiri kwa kilo ya unga," alisema, "wewe unalisha ndege matoke. Umelogwa?" Akarudi kwake, na kwa siku nyingi hakunichungulia juu ya ua.

Ijumaa, Baba aliporudi msikitini, alichukua panga akaenda kuukata yeye mwenyewe, na kanzu yake nyeupe mwilini. Alikata vibaya, mara sita, mara saba, mgomba ukaanguka na mkungu ukapasukia kwenye matope. Utomvu ulimrukia kifuani, na doa lile halikutoka kwa sabuni wala ndimu. Tukaokota zilizokuwa nzima. Tukakaa kwenye kizingiti cha jiko tukazila, laini, zenye utamu usio na maana.

"Atakuja kwa mkungu wa pili?" nikamuuliza.

"Inshallah," Baba akasema, na hakunitazama.

Nadhani hapo ndipo nilipojua, japo sikukubali. Niliendelea kulima. Machipukizi yalikuwa mengi, nikakata mikungu mingine mibichi, kwa wakati wake, na Nnalongo alinisamehe akanifundisha kufunga matoke kwa majani na kuyaponda. Tulikula chakula cha kweli, Baba na mimi, miaka miwili mitatu, na Mama hakuja. Mpaka ulikuwa wa kufungwa na kufunguliwa. Barua zilikwenda na watu, na watu hawakurudi. Daftari la Bugerere lilijaa, Baba akanunua la pili. Hakuwahi kumiliki hata kipande cha kuzikia paka. Nilimkasirikia sana nilipokuwa mkubwa, kisha yeye akazeeka, akawa mdogo, nikashindwa kuendelea.

Vita vikaja, serikali ile ikaanguka, njia zikafunguka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba ndiye aliyenitafutia mama mmoja mfanyabiashara wa kusafiri naye. Aliniambia, "Nenda kamwone mamako," akanipa tasbihi yake, na hakusema kwamba na yeye atakuja.

Tangu tulipovuka mpaka pale Busia niliyapanga maneno. Nilitaka nikifika tu nimwambie Mama: sikukataa. Nilikuwa nakungoja. Nilikuwekea mkungu wa vichana vinane. Niliyarudia usiku kucha kwenye basi, mpaka yule mfanyabiashara akaniuliza kama naswali. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amekonda, akanitazama juu na chini akimtafuta mtoto wa miaka tisa. Akanikumbatia. Alilia, nikalia. Akaniketisha, akaleta chai ya tangawizi na mahamri, na mimi nikawa nangoja atulie ili niseme.

Na hapo nilipokuwa nimefungua mdomo nikaona kitu ambacho sikukipanga kwenye basi. Nikimweleza haya, ataniuliza: na baba yako alikuwa wapi? Alinyamaza? Sikuwa na jibu lingine la kumpa ila lile la kweli. Na Baba alikuwa Kibuli peke yake, kwenye nyumba ambayo mimi pia nilikuwa nimeshatoka.

Mtoto wa kiume wa miaka mitano aliingia mbio kutoka barazani, magoti yana vumbi, akasimama aliponiona. Alikuwa na pua ya Baba. Akamwegemea Mama, akaniangalia kwa adabu wanayofundishwa watoto wa Mombasa mbele ya wageni, akanong'ona kwa sauti niliyoisikia, "Mama, mgeni huyu ni nani?"

Mama akampapasa kichwa. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja jina tu.

"Ni dadako. Yule aliyekataa kuja."

Mtoto akanitazama. Nikaweka kikombe chini, nikamnyooshea mkono.